Mipini Thelathini na Saba

Dumyat, 4 Februari 1984

Kaka yangu Abdelmughni,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mama watoto na watoto wote, na kwamba baridi ya Kuwait haijakurudishia kile kikohozi. Sisi hapa tu wazima kwa kiasi chetu. Mvua ya wiki iliyopita iliingia chumba cha juu. Nikatega masufuria matatu, na moja nalo likavuja. Shangazi wa Izbat al-Burj amepata mjukuu wa nne, naye anasema safari hii jina atachagua yeye, la sivyo akika watakula bila yeye. Mimi bado nashona vitambaa vya makochi. Msimu wa harusi haujaanza, kwa hiyo macho yangu yanapumzika.

Habari ninayotaka kukuandikia ni ya baba. Tangu macho yake yazimike kabisa, mwaka wa pili sasa, nilidhani atakaa juu na kusikiliza redio. Hakukaa. Kila asubuhi anashuka ngazi kumi na nne huku akizihesabu, anafungua karakana, anaketi kwenye kigoda chake na kuchonga. Ananyoosha mkono mezani, anachukua patasi anayoitaka bila kukosea, na jani la waridi linatoka kwenye mgongo wa kiti kama zamani. Juzi mteja mmoja alimwambia, "Fundi Metwalli, wewe unaona kuliko mimi." Baba akamjibu, "Kukuona wewe hakuhitaji macho, mwanangu. Nakusikia unavyohema kama bata aliyeshiba."

Lakini wiki tatu zilizopita alijikata kidole gumba. Kidonda kikavimba, kikatunga usaha. Daktari akaniuliza mzee anashika nini, nami nikampelekea patasi moja niliyoifunga kwenye gazeti. Akaishika kwa ncha za vidole kama mtu aliyeshika mkia wa panya. "Hiki ni chombo au ni kipande cha lami? Kasafisheni. Nikimwona tena na kidonda kama hiki, kidole nitakikata."

Kaka, patasi zake hujaziona siku nyingi. Chuma kina kutu na grisi, na mipini imekuwa myeusi kwa ukoko wa mafuta ya kinoo, gundi, nta na jasho la miaka hamsini. Baba hataki ziguswe. Nikisogea na kitambaa ananiambia, "Ondoa mkono, binti. Hapo pana watu." Unakumbuka kwamba kila moja ina jina lake: Karani, Bibi Harusi, Mkwe, Mjane. Thelathini na saba zote, tangu kile kidogo, Kifaranga, kipotee.

Wewe ulifanya kazi katika karakana ile hadi ulipotimiza miaka kumi na saba. Nifundishe namna ya kuzisafisha. Au bora zaidi, njoo mwenyewe. Ukimwambia wewe atasikia.

Dada yako,
Insaf


Kuwait, 21 Februari 1984

Dada Insaf,

Wa aleikum salaam. Barua yako ya tarehe 4 imenifikia tarehe 19, na nimefurahi kujua kwamba mko salama. Sisi hatujambo. Mama watoto anasumbuliwa na magoti, na mtoto wetu mkubwa ameshika nafasi ya tatu darasani, jambo ambalo nimemweleza kwamba si la kujivunia. Mwandiko wako umelegea sana. Herufi zinaegemeana kama watu waliochoka. Keti wima unapoandika.

Kuhusu vyombo, daktari amesema kweli, na jambo hili lilipaswa kufanywa zamani. Fanya kama ifuatavyo, wala usiruke hatua hata moja. Kwanza mwondoe baba nyumbani kwa siku tatu au nne, maana hatakubali. Chuma kiloweke katika mafuta ya taa usiku kucha, kisha ukisugue kwa nyuzi za chuma zile za kusugulia sufuria, ukifuata urefu wa chombo na si upana wake. Kutu iliyogoma uiondoe kwa majivu laini na limau. Mipini uichomoe, uiloweke katika maji ya moto yaliyotiwa magadi makali, yale ya kuzibulia mabomba, kwa muda wa saa moja. Vaa mipira ya mikono. Uchafu wote utaachia. Isuuze, ianike kivulini, ipige msasa mpaka iwe laini, kisha ipake mafuta ya kitani mara moja tu. Mwisho zipange mezani kwa urefu, ndogo kushoto, kubwa kulia. Meza ya baba haijawahi kuwa na mpango.

Ama kuhusu kuja, hilo haliwezekani. Ninasahihisha mitihani ya madarasa manne. Isitoshe, unajua kwamba baba na mimi huelewana vizuri zaidi tunapopitia kwako.

Kaka yako,
Abdelmughni


Kuwait, 8 Machi 1984

Dada Insaf,

Assalaam aleikum. Nakuandikia kabla ya kupata jibu lako. Sote tu wazima, na magoti ya mama watoto yana nafuu.

Hii ni nyongeza ndogo tu kwa maagizo yangu ya tarehe 21. Mipini usiitie kwenye magadi. Ipanguse kwa kitambaa kikavu, au iache kabisa kama ilivyo.

Jana nilipokuwa nikifuta ubao nilikumbuka jambo. Nilipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili nilisafisha mpini wa Mjane kwa mafuta ya taa, nikitarajia sifa. Baba hakunipiga. Alikaa siku tatu akiushika na kuuweka, akiushika na kuuweka, kisha akaniambia, "Umenifukuzia mtu." Wakati huo alikuwa na macho mawili mazima. Mpini ule ulichukua miaka mingi kurudi mkononi mwake.

Maagizo yangu ya kwanza yalikuwa sahihi kwa vyombo vya kawaida. Nilifikiria kupiga telegramu, lakini niliona kwamba jambo lenyewe si la haraka kiasi hicho, na mtu hapigi telegramu ili kusema kwamba amebadili rai yake kuhusu sabuni. Bila shaka bado hujaanza. Wewe huchelewa katika kila jambo.

Kaka yako,
Abdelmughni


Dumyat, 17 Machi 1984

Kaka yangu Abdelmughni,

Assalaam aleikum. Barua yako ya tarehe 21 Februari ilifika tarehe 10 ya mwezi huu, na leo utanisifu hata kama hutaki. Nimeketi wima.

Nilimpeleka baba kwenye akika ya Izbat al-Burj siku ya Jumanne, nikamwomba shangazi amzuie mpaka leo. (Mtoto ameitwa Shawqi. Shangazi ameshinda.) Nikarudi nikafunga mlango wa karakana. Kuchomoa mipini peke yangu sikuweza, nikamwita Fundi Zaghlul wa karakana ya pili aje na jiliwa lake la kubania. Alikuja mbio, kwa miaka thelathini amekuwa akizitamani patasi hizi, sasa angalau amezishika.

Niliyatia magadi katika lile karai kubwa la nguo. Kaka, ungeyaona maji! Mara ya kwanza yalikuwa mekundu, halafu kahawia, halafu meusi tii kama kahawa ya msibani. Ukoko ulivimba, ukabanduka vipande vipande, mwingine mnene kama ganda la mkate. Harufu yote ya utoto wetu ilijaa jikoni: gundi ya moto, nta, mafuta ya kinoo. Nilifungua dirisha. Nilimwaga maji mara nne.

Na chini yake, mbao! Sikujua. Mpini wa Karani ni wa mzeituni, una mistari kama mchirizi wa asali. Wa Bibi Harusi ni wa mlimau, mweupe kabisa. Magadi yaliinua nyuzi za mti zikawa kama manyoya, nami nikazipiga msasa siku mbili mpaka vidole vikafa ganzi, na sasa yote thelathini na saba ni laini kama yai. Zaghlul alinoa makali. Alipomaliza alisimama akaziangalia mezani, akasema, "Wallahi Insaf, kabla ya leo nilitaka kuzinunua. Sasa nataka kuziiba."

Nimezipanga kwa urefu kama ulivyoagiza. Kidole cha baba kimepona. Anarudi jioni hii na gari la mkwe wa shangazi. Nimempikia bata wa kujaza vitunguu, na sitasema neno. Nataka azikute mwenyewe.

Dada yako,
Insaf


Dumyat, 2 Aprili 1984

Kaka Abdelmughni,

Assalaam aleikum. Sisi hatujambo.

Barua yako ya tarehe 8 Machi, ile ya nyongeza ndogo, ilifika tarehe 29. Niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni na tarishi bado hajaondoka. Akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana.

Nitakueleza ilivyokuwa, kwa sababu wewe ni mtu wa kutaka utaratibu. Asubuhi ya tarehe 18 baba alishuka, ngazi kumi na nne. Nilikuwa nimejificha nyuma ya mlango kama mtoto wa sikukuu. Aliketi. Alinyoosha mkono mahali pa Karani, akapata patasi fupi. Akairudisha. Akanyoosha tena. Akaichukua ya pili, ya tatu, akazipitisha zote mkononi moja baada ya nyingine, upesi mwanzoni, halafu polepole. Akanusa moja. Kisha akasema, "Nani yuko hapa?"

Nikasema, "Ni mimi, baba."

"Hivi ni vyombo vya nani?"

"Vyako, baba. Nimevisafisha. Daktari alisema..."

"Vyangu viko wapi?"

"Ndivyo hivyo. Shika makali yake. Si unayajua makali yako?"

"Makali haya hata Zaghlul anayo. Nakuuliza mipini yangu. Karani alikuwa na kigongo cha gundi hapa, chini ya gumba. Mkwe alikuwa anateleza upande mmoja. Hawa wote wana ngozi moja. Umeniletea watoto yatima waliovalishwa sare."

Niliapa. Nikasema Fundi Zaghlul ni shahidi, na hapo nikaharibu kila kitu. "Zaghlul! Zaghlul amekanyaga humu ndani?" Nilimwita, akaja, akaapa kwa talaka ya mkewe. Baba alimwambia, "Wewe umemtaliki huyo mama mara kumi na moja tangu nikujue, na bado anakupikia." Unajua baba hakupata hata siku moja kutia alama kwenye chuma. Alikuwa akisema mkono wake ndio alama. Kwa hiyo sina pa kumwonyesha.

Anaamini nimemuuzia Zaghlul patasi zake nikamwekea mpya za dukani. Hapigi kelele. Laiti angepiga kelele. Tangu siku ile hajachonga hata jani moja. Alijaribu mara moja. Alichukua patasi pana akidhani ni nyembamba, akalipasua waridi katikati, akalishika lile ua, akaniuliza kwa adabu kabisa kama ninaweza kumwita mwenye kiti aje kukichukua.

Ufunguo wa karakana ameufunga shingoni. Chakula changu anakula, lakini huniuliza kwanza, "Hiki ni nini?" kama mtu aliye hotelini.

Wewe ulizishika. Ulilala chini ya meza ile. Njoo umwambie. Mimi hanisikii.

Insaf


Kuwait, 20 Juni 1984

Dada Insaf,

Wa aleikum salaam, na Ramadhani njema kwako na kwa baba. Ilikuwa nikujibu mapema, lakini kazi ya kusahihisha ilikuwa nyingi, kisha ikaja joto. Mtoto mkubwa safari hii ameshika nafasi ya pili. Mama watoto anakusalimu.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja. Si haki kulaumu maagizo. Yalifuatwa kabla ya kukamilika. Hata hivyo haina faida kurudia hayo.

Mtu wetu wa kijiji cha Shata anakuja nyumbani kwa Idi, naye atakuletea kifurushi kidogo. Ndani yake mna Kifaranga. Ndicho chenyewe, na hakijapata kuguswa na maji. Ule uvimbe wa lami uliotiwa na fundi aliyemfunza baba kazi bado upo ubavuni mwa mpini. Nimekikuta miongoni mwa vitabu vyangu. Mpe baba mkononi. Akikishika kimoja na kukitambua, atatulia, na utaweza kumzoesha vile vingine taratibu.

Ninakuomba jambo moja. Usimwambie kimetoka kwangu. Mwambie kimepatikana, basi. Yeye alikitafuta kwa muda wa mwaka mzima, aliinua hata mbao za sakafu, na mimi nilikuwa nimekwisha ondoka. Hakuna sababu ya kufungua jambo hilo leo.

Likizo hii sitaweza kuja. Pasipoti yangu imo ofisini kwa ajili ya kuongezewa mkataba.

Kaka yako,
Abdelmughni


Dumyat, 30 Julai 1984

Kaka Abdelmughni,

Assalaam aleikum. Idi imepita. Shangazi amevunjika mkono, ameshafungwa plasta. Kifurushi kilifika.

Nilifungua mwenyewe kwanza. Kaka, nilikuwa nimesahau. Cheusi hicho, kinanata kidogo, na mahali pa gumba pamebonyea kama kijiko. Nikakishika nikalia, kwa sababu ndipo nilipoelewa nilichokimwaga kwenye mfereji mara nne.

Nilishuka. Siku hizi baba hukaa karakanani akiwa na patasi moja mkononi na chupa ya mafuta ya kinoo, akiupakaza mpini na kuusugua kwa kiganja kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. Nilipomuuliza anafanya nini alisema, "Nafanya urafiki na wageni. Nina miaka sabini na sita. Huyu wa kwanza atanizoea nikifika mia na ishirini." Nami simwambii tena anawe mikono. Akitoka kula bata anashuka na mafuta yake yote vidoleni, namwachia njia.

Nikamwekea Kifaranga kiganjani.

Hakupapasa hata kidogo. Kidole gumba kilikwenda chenyewe mahali pake. Alifumba macho yale yasiyoona, akakaa. Nikaona mabega yake yanashuka, na mimi nikaanza kutabasamu. Akavuta kipande cha mti na kukata ukingo wa jani, mkato mmoja tu, safi, ule wake. Akacheka! Akasema, "Kifaranga, mwana wa haramu, ulikuwa wapi?"

Halafu akaacha kucheka.

"Kimepatikana wapi?"

Nikasema, "Kimepatikana, baba."

"Nimekuuliza wapi."

"Kimepatikana tu."

Akageuza uso wake kwangu, sawasawa, kama anayeona. "Hiki ni changu. Nimekijua kabla hakijatua mkononi. Kwa hiyo mkono wangu haujazeeka, binti, kama ulivyokuwa ukinifanya niamini. Na kama mkono wangu ni mzima, basi vile thelathini na saba kweli si vyangu. Na hiki kilipotea miaka kumi na moja iliyopita. Kwa hiyo miaka kumi na moja ulikuwa nacho wewe."

Nilinyamaza, kaka. Nilinyamaza kama ulivyoniomba.

Sasa haulizi tena chakula ni nini. Hakigusi kabisa. Anamwita muuza maharage chini ya dirisha na kula akiwa amesimama mlangoni, na mtaa mzima unapita. Akiulizwa kwa nini, anajibu, "Nyumbani kwangu nina mwizi, nami sina macho ya kumchunga." Watu wanacheka wakidhani ni mzaha wake. Wenye maduka wawili wameacha kuniletea vitambaa.

Jani moja halitengenezwi na Kifaranga peke yake. Unajua hilo kuliko mimi.

Sema wewe. Sitaki maelezo wala nyongeza. Sema.

Insaf


TELEGRAMU
Kuwait, 12 Agosti 1984

MSOMEE BABA KWA SAUTI. KIFARANGA NILIKICHUKUA MIMI NILIPOONDOKA. MAGADI NILIAGIZA MIMI. NILIKUMBUKA KOSA NIKAONA HAYA KUPIGA TELEGRAMU. INSAF HANA HATIA. NITAKUJA. ABDELMUGHNI


Dumyat, 18 Agosti 1984

Kaka Abdelmughni,

Assalaam aleikum. Natumaini nyote ni wazima, na magoti ya mama watoto hayamsumbui katika joto hili. Mkono wa shangazi unaunga vizuri.

Telegramu yako ilifika tarehe 13, siku moja tu. Nilishangaa jinsi inavyokwenda upesi.

Niliisoma peke yangu kwanza. Najua ulivyo, na najua ilikugharimu nini kumpa karani wa posta maneno yale ayahesabu. Nimekusamehe kabla sijafika mwisho. Umeandika kwamba utakuja, hukuandika siku.

Nilimkuta baba mahali pake, Kifaranga mapajani, mpini wa mgeni wake kiganjani. Nikamwambia, "Baba, kaka amepiga telegramu." Nikaisoma kwa sauti, polepole, neno kwa neno, pamoja na jina lako mwishoni. Niliisoma mara mbili.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Nani anasoma?"

"Mimi, baba."

"Mwingine hayupo?"

"Hayupo."

"Mwanangu mwalimu amesema amekosea?"

"Ndiyo, baba. Yameandikwa hapa."

"Yule? Kwa telegramu?" Akacheka kidogo, bila ubaya. "Ungetunga kingine, binti. Hicho ningeweza kukiamini."

Nikamwambia amwite mtu yeyote mtaani amsomee. Akasema mtaani wanaojua kusoma ni Zaghlul na wateja wangu. Akanyoosha mkono, "Hebu nipe hiyo karatasi." Nikampa. Akaiweka juu ya goti na kuipapasa kwa vidole vyake vyote kumi, kutoka juu hadi chini, kisha nyuma yake, kwa makini kama anavyopapasa mti kabla ya mkato wa kwanza. Nikavifuata vidole vyake kwa macho, kana kwamba huenda vingelipata jina lako.

"Hamna kitu humu," akasema. "Pasafi."

Akaikunja mara mbili, akanirudishia kwa heshima, kama mtu anayemrudishia mgeni kitu chake.

Dada yako,
Insaf